Tulsi Aingia Bungeni: Smriti Irani na Siasa za Sebuleni

Usiku wa tarehe 3 Julai 2000, saa nne na nusu kwa saa za India, kituo cha televisheni cha Star Plus kilirusha sehemu ya kwanza ya tamthilia iliyoitwa Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi. Kwa tafsiri ya haraka, jina hilo lina maana ya "Kwa sababu mama mkwe naye aliwahi kuwa mkaza mwana". Mapema usiku huohuo kituo hicho kilikuwa kimezindua shindano la maswali na majibu lililoongozwa na Amitabh Bachchan, na ni Bachchan aliyetazamiwa kukiokoa kituo. Kuhusu tamthilia ya familia yenye mhusika mkuu aliyeigizwa na msichana wa miaka 24 asiye na jina, ni wachache waliojali. Msichana huyo alikuwa Smriti Malhotra. Mwaka uliofuata aliolewa, akawa Smriti Irani. Miaka 14 baada ya usiku ule aliapishwa kuwa waziri wa elimu wa nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza katika semina: "Mwalimu, mwigizaji wa tamthilia anawezaje kupewa wizara ya elimu?" Nilimjibu kwa mzaha, darasa likacheka, tukaendelea na mada. Jibu lile lilinisumbua baadaye, kwa sababu lilikuwa jibu la mtu mwenye shahada anayewadharau wasio nazo, wala halikuwa na chembe ya historia ndani yake. Makala haya ni jaribio la kulirekebisha.

Tuanze na ujana wake, ingawa sitakaa hapo sana. Alizaliwa Delhi mwaka 1976, baba Mpunjabi na mama Mbengali, mkubwa kati ya mabinti watatu katika nyumba isiyokuwa na ukwasi. Mwaka 1998 alishiriki shindano la Miss India. Aliingia fainali lakini hakutwaa taji. Yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba fedha za kushiriki alikopa kwa baba yake, na kwamba baada ya hapo alihamia Mumbai kutafuta kazi za uanamitindo na uigizaji. Siku zilipokuwa ngumu alifanya kazi katika mgahawa wa McDonald's eneo la Bandra, kazi ya kusafisha ikiwamo. Masimulizi haya ameyatumia sana katika siasa, na msomaji ana haki ya kuyapokea kwa tahadhari ileile tunayoyapokelea masimulizi ya utotoni ya wanasiasa wote. Hata hivyo hayapingiki katika jambo moja: hakuingia katika siasa akiwa binti wa mwanasiasa. Katika India, ambako majimbo mengi yamerithiwa kama mashamba, hilo si jambo dogo.

Aliyempa nafasi alikuwa Ekta Kapoor, mtayarishaji ambaye naye alikuwa na umri wa miaka 25 tu. Ili kuelewa nafasi hiyo ilikuwa na uzito gani, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 India ilikuwa na televisheni moja tu ya taifa, Doordarshan. Vituo vya setilaiti viliingia sambamba na mageuzi ya kiuchumi ya mwaka 1991, yale yaliyofungua milango ya soko baada ya miongo ya uchumi uliodhibitiwa na serikali. Ghafla palikuwa na runinga nyingi, matangazo mengi ya sabuni na mafuta ya kupikia, na tabaka la kati lililokuwa na fedha mpya na hofu mpya. Hofu hiyo ilikuwa ya kifamilia: je, nyumba ya ukoo mzima, yenye babu, wajomba, wake na wajukuu chini ya paa moja, ingestahimili maisha ya kileo?

Kyunki iliijibu hofu hiyo. Tulsi ni binti wa kuhani wa hekalu anayeolewa katika familia tajiri ya Virani, wafanyabiashara wa Kigujarati. Mama mkwe hamtaki. Kwa uvumilivu, kwa uadilifu, na kwa kuzungumza sana, anaishinda nyumba nzima hadi kuwa mhimili wake. Mumewe Mihir alipouawa katika hadithi, watazamaji walilalamika kwa ghadhabu hadi waandishi wakalazimika kumfufua. Baadaye Tulsi anamuua kwa risasi mwanawe wa kumzaa, Ansh, kwa sababu alimtendea mkewe ukatili wa kingono. Mama anaweka haki mbele ya damu yake: ndilo tukio ambalo watazamaji wa wakati ule bado wanalitaja. Tamthilia ilidumu hadi Novemba 2008, sehemu zaidi ya 1,800, na kwa miaka kadhaa ilikaa kileleni mwa orodha ya programu zilizotazamwa zaidi nchini.

Wasomi wa jinsia wameikosoa, na kwa haki. Mwanamke mwema katika tamthilia hizi ni yule anayevumilia, mwenye sari na alama nyekundu kwenye paji la uso, ilhali mwanamke mwovu huwa na nywele zilizokatwa na blauzi ya kisasa. Wasomaji wangu waliokulia mbele ya tamthilia za Kihindi zilizotiwa sauti za Kiswahili hawahitaji maelezo zaidi. Ila ukosoaji huo huacha kando jambo ambalo mwanahistoria wa siasa hawezi kuliacha: kwa miaka minane, usiku kwa usiku, mamilioni ya wanawake walimwona mwanamke mmoja akihutubia. Tulsi hakuwa bubu. Kila mgogoro wa familia ya Virani uliishia sebuleni, ukoo mzima umesimama, naye katikati akitoa hoja kwa Kihindi kizito, akihukumu nani mkosaji na nani mwema. Hotuba hizo zilikuwa shule yake ya siasa.

Wala hakuwa wa kwanza kupita njia hiyo. Wapo wanaolinganisha habari yake na ya M. G. Ramachandran, nyota wa sinema aliyekuwa waziri kiongozi wa Tamil Nadu kuanzia 1977, au N. T. Rama Rao aliyeunda chama mwaka 1982 na kutwaa Andhra Pradesh miezi michache baadaye. Ulinganisho wa karibu zaidi ni mwingine. Kati ya mwaka 1987 na 1988 Doordarshan ilirusha Ramayan ya Ramanand Sagar kila Jumapili asubuhi, na barabara za miji zilikuwa tupu. Mwaka 1991 mwigizaji wa Sita, Deepika Chikhalia, aligombea ubunge wa Baroda kwa tiketi ya Bharatiya Janata Party, yaani BJP, akashinda. Arvind Trivedi, aliyeigiza Ravan, adui mkuu wa hadithi hiyohiyo, alishinda Sabarkantha kwa tiketi ya chama hichohicho! Chama kilichokuwa na wabunge 2 baada ya uchaguzi wa 1984 kilipata 120 mwaka 1991. Sababu zilikuwa nyingi, hasa vuguvugu la Ayodhya, lakini BJP ilijifunza mapema kuliko wapinzani wake kwamba runinga ilikuwa imeunda taifa jipya la watazamaji.

Irani alijiunga na BJP mwaka 2003, tamthilia ikiwa imeshika kasi. Mwaka 2004 akasimamishwa Chandni Chowk, katikati ya Delhi kongwe, dhidi ya wakili mashuhuri Kapil Sibal wa chama cha Congress. Alishindwa vibaya. Umaarufu ulijaza mikutano lakini haukujaza masanduku. Watu walikuja kumwona Tulsi, wakampigia kura mtu mwingine. Wanafunzi wangu wanaodhani kwamba nyota wa skrini hupewa jimbo kwenye sinia ya fedha wanapaswa kuanzia hapa. Hata kwetu Tanzania, Joseph Mbilinyi hakuchaguliwa Mbeya Mjini mwaka 2010, wala Joseph Haule Mikumi mwaka 2015, kwa sababu ya nyimbo pekee. Walikuwa na chama, na kulikuwa na hasira ya wapiga kura.

Desemba ya mwaka huohuo wa 2004 alifanya kosa ambalo kwa mwingine lingekuwa la mwisho. Alimtaka Narendra Modi, wakati huo waziri kiongozi wa Gujarat, ajiuzulu, akatishia kugoma kula hadi kufa. Chama kikambana, naye akayafuta maneno yake. Miaka kumi baadaye, Mei 2014, Modi alisimama kwenye jukwaa la Amethi na kuwaambia wapiga kura kwamba Smriti Irani ni mdogo wake. Katikati ya matukio hayo mawili kuna kazi ya chama ambayo haina mvuto wa kusimulia: uongozi wa jumuiya ya wanawake mwaka 2010, kiti cha bunge la juu kupitia Gujarat mwaka 2011, mijadala ya jioni kwenye vituo vya habari ambako alionekana karibu kila siku akikitetea chama. Alikuwa amegeuza kipaji cha sebule ya Virani kuwa kazi ya msemaji.

Amethi yenyewe inastahili maelezo. Ni jimbo la vijijini huko Uttar Pradesh lililokuwa mikononi mwa familia ya Gandhi kwa muda mrefu: Sanjay, kisha Rajiv, kisha Sonia, kisha Rahul. Mwaka 2009 Rahul Gandhi alishinda kwa tofauti ya kura zaidi ya 370,000. Kumpeleka Irani huko mwaka 2014, zikiwa zimebaki wiki chache tu kabla ya kura, kulikuwa kama kumtuma askari kwenye vita ambayo jenerali hatarajii kushinda. Alishindwa kwa kura 107,903. Kushindwa huko ndiko kulikomjenga, kwa kuwa hakuondoka. Kwa miaka mitano alirudi Amethi tena na tena, akihudhuria misiba na harusi, akiuliza kuhusu mbolea na barabara, huku mshindi akionekana kwa nadra. Mwaka 2019 alimshinda Rahul Gandhi kwa kura 55,120. Siku chache baada ya matokeo mmoja wa wasaidizi wake wa kijijini aliuawa kwa risasi, na Irani akalibeba jeneza begani pamoja na wanaume. Katika desturi za eneo lile mwanamke habebi maiti. Picha ile ilizunguka nchi nzima. Ilikuwa huzuni ya kweli, na wakati huohuo ilikuwa tukio ambalo mwandishi yeyote wa Kyunki angetamani kuliandika. Sijui kama mtu aliyeishi miaka minane ndani ya Tulsi anaweza tena kuvitenganisha vitu hivi, na sidhani kwamba wapiga kura walimtaka avitenganishe.

Sasa nirudi kwenye wizara ya elimu, ambako swali la mwanafunzi wangu lilielekea. Irani aliteuliwa Mei 2014 akiwa na miaka 38, mdogo kuliko mawaziri wote wa baraza kamili. Ndani ya siku chache vita ikazuka kuhusu vyeti. Hati ya kiapo aliyowasilisha mwaka 2004 ilisema ana shahada ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Delhi ya mwaka 1996. Ile ya 2014 ilisema amefanya sehemu ya kwanza tu ya shahada ya biashara, kwa elimu ya masafa. Mwezi Agosti alipotaja kwamba ana shahada kutoka Yale, ikabainika ilikuwa kozi fupi ya uongozi kwa wabunge. Mahakama moja ya Delhi ilitupilia mbali shauri dhidi yake mwaka 2016, na mwaka 2019 yeye mwenyewe akaandika kwenye hati yake ya ugombea kwamba hakumaliza shahada.

Kauli zinazopingana ndani ya hati za kiapo ni suala zito, na ilikuwa sahihi kuuliza. Ila sisi wanataaluma, wa India na wa kwingineko tuliokuwa tukifuatilia, hatukuishia kwenye ukweli wa hati. Tulicheka kwamba waziri hana shahada. Katiba ya India haimtaki mbunge awe nayo. Ya Tanzania, katika ibara ya 67, inataka tu ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Waasisi waliliacha hivyo kwa makusudi, kwa sababu shahada ingekuwa njia ya kuwarudisha mezani walewale waliosomeshwa na mkoloni na kuwafungia nje wakulima. Kila tulipomcheka kwa cheti tulimpa jukumu analolifahamu kuliko sote: mkaza mwana kutoka nyumba duni anayedharauliwa na wakubwa wa ukoo. Alilichukua, akaliigiza vizuri, na umma ukamwelewa.

Na tukiwa tunacheka, tuliyatazama kwa jicho moja mambo yaliyostahili macho yote mawili. Novemba 2014 wizara iliondoa Kijerumani kama lugha ya tatu katika shule za serikali kuu na kuweka Kisanskriti, katikati ya mwaka wa masomo. Kisha likaja suala la Chuo Kikuu cha Hyderabad. Agosti 2015, baada ya mzozo kati ya wanafunzi wa chama kinachobeba jina la Ambedkar na wale wa jumuiya iliyo karibu na BJP, waziri mmoja wa serikali kuu alimwandikia Irani akidai kwamba chuo kimekuwa kituo cha wapinga taifa. Wizara iliipeleka barua hiyo chuoni, ikafuatilia kwa barua nyingine, na nyingine. Hatimaye wanafunzi watano wa shahada za uzamivu walifukuzwa mabwenini na kuzuiwa kuingia maeneo ya pamoja. Walilala nje, kwenye hema. Tarehe 17 Januari 2016 mmoja wao, Rohith Vemula, alijiua.

Kila mhadhiri anazijua barua za namna hiyo. Si lazima ziwe na amri. Huja na nembo ya wizara, na kiini chake ni swali la adabu: mmechukua hatua gani? Wiki mbili zikipita huja ya pili ikiikumbusha ya kwanza. Makamu mkuu wa chuo husoma asichoandikiwa. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambapo barua moja fupi ya aina hiyo ilisomwa, na nikaona watu wazima wenye vitabu vyao rafuni wakiinamisha macho mezani. Nami niliinamisha.

Tarehe 24 Februari 2016 Irani alisimama bungeni kujibu. Ilikuwa pia majuma machache ya moto: kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru alikuwa amekamatwa kwa tuhuma za uchochezi, na wakuu wa vyuo vikuu vya serikali kuu, wakikutana na waziri, walikuwa wameazimia kila chuo kipandishe bendera ya taifa kwenye mlingoti wa futi 207. Alizungumza kwa muda mrefu, sauti ikipanda na kushuka, machozi yakiwa karibu. Alishika karatasi moja baada ya nyingine, akawataja kwa majina wapinzani waliowahi kumwandikia kuomba msaada, akauliza kama aliwahi kumuuliza yeyote dini au tabaka lake. Alidai pia kwamba daktari hakuruhusiwa kumkaribia kijana yule ili kumwokoa, na daktari wa chuo akampinga hadharani. Waziri Mkuu aliisifu hotuba hiyo. Upande wa serikali uligonga meza.

Nimeitazama hotuba ile zaidi ya mara moja. Kama uigizaji haina dosari, na nasema hivyo bila kejeli. Kasoro yake ni kwamba ilikuwa sebule ya Virani: ilihusu nani mwema na nani mkosaji, nia ya msemaji ikiwekwa mizani mbele ya ukoo. Kuhusu barua, kwa nini ziliandikwa, kwa nini zilirudiwa, nani chuoni alitafsiri nini, na posho za wanafunzi wa uzamivu hucheleweshwa kwa utaratibu gani, mtazamaji aliondoka akiwa na machache. Mwenye shahada tatu angeweza kuziandika barua zilezile. Wapo walioziandika, katika nchi nyingi.

Julai 2016 aliondolewa elimu na kupelekwa wizara ya nguo, kisha mwaka 2017 akaongezewa habari na utangazaji. Huko nako hakudumu. Aprili 2018 alitoa mwongozo wa kuwaadhibu waandishi kwa "habari bandia", ofisi ya Waziri Mkuu ikaufuta ndani ya siku moja, na mwezi uliofuata akapoteza wizara hiyo. Baada ya ushindi wa 2019 alipewa wizara ya wanawake na watoto. Mwanzoni mwa 2024 alihamia rasmi katika nyumba aliyojenga Amethi, ishara kwamba yeye, tofauti na waliomtangulia, ni mwenyeji. Miezi michache baadaye Amethi ilimkataa. Aliyemshinda, kwa kura 167,196, ni Kishori Lal Sharma, mtu wa Congress aliyezunguka vijiji vile kwa miongo mingi kama msimamizi wa shughuli za familia ya Gandhi, asiye na sura ambayo mtu wa Mumbai angeitambua barabarani. Alishindwa na mtu aliyetumia mbinu yake mwenyewe ya mwaka 2014 hadi 2019, kwa muda mrefu zaidi na bila kamera.

Tarehe 29 Julai 2025 Star Plus ilirudisha Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi kwa awamu mpya. Saa ya kurushwa haikubadilishwa, saa nne na nusu usiku. Tulsi sasa ana mvi, naye ndiye mama mkwe.